Koili ndogo kwanza: kutafuta sarafu za zamani kwenye udongo mwekundu wa Dodoma

Wengi wanaonunua detekta, mashine ya kutafuta metali ardhini, huuliza koili ipi (ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya udongo) inaona mbali zaidi chini ya ardhi. Kwa bustani na viwanja vya Dodoma, usianzie hapo. Sarafu iliyodondoka mahali panapokanyagwa kila siku kwa kawaida hukutwa kati ya sentimita 5 na 15. Taabu ni kwamba haiko peke yake. Juu yake na kando yake kuna vizibo vya soda, misumari ya bati, spoki za baiskeli na vipande vya waya wa kufungia nondo, na udongo wenyewe una chuma. Koili kubwa huvisikia vyote kwa mpigo mmoja, ikakuletea kelele, na sarafu ikapitwa.

Kwa hiyo ukiwa na fedha ya koili moja tu ya ziada, nunua DD ndogo (aina ya koili nitakayoieleza mbele): ya duara ya inchi 6, au ya umbo la yai ya inchi 5 kwa 8. Ile ya inchi 11 iliyokuja na mashine itunze kwa maeneo machache nitakayoyataja mbele.

Jua kwanza unatafuta sarafu gani

Koili huchaguliwa kwa kilicho ardhini, na kilicho ardhini hutegemea umri wa mahali. Mji wa Dodoma ulikua na reli ya kati, iliyofika hapa mwaka 1910. Ndiyo maana sehemu za zamani za mji zina nafasi ya kutoa heller za Wajerumani, zilizoanza mwaka 1904, kisha senti na shilingi za Afrika Mashariki za Waingereza kuanzia 1921, kisha sarafu za Tanzania kuanzia 1966. Sarafu za shaba za Wajerumani ziitwazo pesa, za 1890 hadi 1892, zina nafasi kubwa zaidi kwenye njia ya zamani ya misafara, upande wa Mpwapwa na Kilimatinde.

Heller moja ni ya bronzi, kipenyo milimita 20. Nusu heller ni ndogo zaidi. Heller 5 za 1908 na 1909 ni pana, milimita 37, na koili yoyote nzima itazisikia. Shida iko kwa heller 10 yenye tundu, na heller 5 yenye tundu ya 1913 na 1914. Hizi ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao haupitishi umeme vizuri kama shaba tupu. Kwenye skrini, ambako mashine huonyesha namba ya kukisia ni metali gani, namba yake hutokea chini, jirani kabisa na karatasi za fedha za pakiti za sigara. Anayezima namba hizo ili mashine itulie anazima na heller zake. Senti 10 ya Afrika Mashariki, ile kubwa ya bronzi yenye tundu, hulia juu na kwa sauti safi. Shilingi za Waingereza za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zina fedha robo tu, kwa hiyo usizisubiri zilie kama fedha tupu.

Nimeanza na sarafu kwa sababu moja. Ukikubali kuchimba sauti za chini, utakutana na takataka nyingi zaidi, na hapo koili inayotenganisha vitu vilivyokaribiana ina faida kuliko inayokwenda kina.

Udongo una chuma, na unaweza kuupima mwenyewe

Wekundu wa udongo wa Ugogo ni kutu ya chuma. Si kila udongo mwekundu unasumbua detekta kwa kiwango kimoja, kwa hiyo upime. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye karatasi, ipitishe kwenye udongo mkavu wa pale unapotaka kutafuta. Ikitoka na manyoya mazito ya chembe nyeusi, hapo koili kubwa itapoteza nguvu yake. Ikitoka na chembe chache, una uhuru zaidi wa kuchagua. Rudia kipimo hicho kila unapobadilisha eneo, maana mchanga wa korongoni unaweza kuwa na chembe nyeusi nyingi kuliko uwanja ulio hatua 100 kutoka hapo.

Kuna sehemu nyingine watu huzisahau: palipochomwa moto. Udongo wenye chuma ukipata joto kali huongezeka usumaku. Tanuru la zamani la matofali, jiko la nyama choma la miaka mingi, hata jalala lililokuwa likichomwa, vyote huifanya mashine ilie bila kitu chini. Ukiona sauti imejaa eneo zima la mita moja au mbili na haina kitovu, jua ni hilo. Sawazisha mashine na ardhi upya hapohapo (namna yake iko mwishoni) au pita.

Sasa kwa nini ndogo ni bora hapa? Koili ya inchi 6 ina kipenyo cha sentimita 15, na duara lake ni sentimita za mraba kama 177. Ya inchi 11 ina sentimita 28, duara lake ni kama 616. Yaani kila inapopita, ya inchi 11 inasikiliza udongo zaidi ya mara tatu, pamoja na chuma chote kilichomo. Sarafu ni ileile, lakini sauti yake sasa inashindana na mzigo mkubwa zaidi. Kwenye udongo mpole ya inchi 11 inashinda kwa kina bila ubishi. Kwenye udongo mzito wa chuma tofauti hiyo hupungua sana, na kwenye takataka nyingi ndogo ndiyo inayoleta sarafu.

DD au konsentriki

Koili ya konsentriki ina duara ndani ya duara, na eneo lake la kusikia linachongoka kwenda chini kama koni. Inaonyesha kitovu cha kitu vizuri, na kwa vizibo vya soda ni hodari kuliko DD. Udhaifu wake ni udongo wenye chuma: inayumba, inalialia, na kina chake kinaanguka haraka.

DD ina nyaya mbili zenye umbo la herufi D zinazopandana katikati. Eneo lake la kusikia ni utepe mwembamba kutoka mbele hadi nyuma ya koili. Utepe huo hubeba udongo kidogo kwa wakati mmoja, ndiyo sababu DD hutulia kwenye ardhi yetu. Ukiipitisha kulia na kushoto, unaweza kupita kati ya msumari na sarafu vilivyoachana kwa upana wa kiganja, ukavisikia kila kimoja kwa sauti yake.

Hasara ya DD ni vizibo. Kizibo cha chuma kilichobapa mara nyingi hulia kama sarafu nzuri. Usikimbilie kuchimba. Sogeza koili polepole mpaka kitu kiwe kwenye ncha ya mbele, uipitishe hapo kulia na kushoto kwa mipigo mifupi. Kizibo mara nyingi huanza kukoroma sauti ya chuma kikiwa ukingoni, na namba zake hurukaruka. Bronzi na shaba hubaki na sauti ileile, tofauti ni kwamba inafifia tu. Kisha zunguka nyuzi 90 usikilize tena. Sauti iliyo nzuri upande mmoja na mbovu upande mwingine aghalabu ni chuma, lakini kama kuna msumari jirani yaweza kuwa sarafu iliyofichwa, na mahali pa zamani kama hapo ningechimba.

Kutafuta kitovu kwa DD nako kuna namna yake. Tikisa koili kidogo kidogo huku ukiivuta nyuma kuelekea miguuni. Sauti inapokatika ghafla, kitu kiko mbele tu ya ncha ya koili. Ukizoea, tundu la kuchimba linakuwa dogo, jambo ambalo kwenye nyasi za bustani lina uzito mkubwa.

Mashine za dhahabu zilizotumika

Huku kwetu detekta nyingi za mkono wa pili hutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Uliza aina kabla ya kutoa hela. Mashine za mapigo, yaani zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi, kama zile za mfululizo wa GPX za Minelab, zinakwenda kina cha kutisha lakini hazibagui chuma kwa kuaminika; kwenye bustani yenye misumari utachimba siku nzima kwa ajili ya chuma. Gold Monster 1000 hutumia masafa ya kilohezi 45, makali kwa vipande vidogo vya dhahabu, na kwa sababu hiyohiyo inalia kwa kila kipande kidogo cha foili. Inayoweza kufaa kwenye kazi ya sarafu ni kama Fisher Gold Bug Pro ya kilohezi 19 au Garrett AT Gold ya kilohezi 18, ambayo huja na DD ya inchi 5 kwa 8.

Koili haihami kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na hata ndani ya kampuni moja si kila mara. Koili ya Garrett ya mfululizo wa ACE haichomeki kwenye AT. Angalia jina kamili la mashine, kisha plagi na idadi ya pini. Usikubali plagi iliyokatwa na kuungwa upya: koili hupimwa kiwandani pamoja na waya wake, na kuukata kunaharibu mizani hiyo.

Kagua koili iliyotumika hivi: washa mashine, weka koili hewani mbali na metali, kisha tikisa waya pale unapoingia kwenye koili na pale kwenye plagi. Ikilia, waya umevunjika ndani. Gonga koili taratibu kwa kidole; mlio mkali maana yake gundi ya ndani imeachia. Tazama masikio yanayoshika bolti, hapo ndipo nyufa huanzia kwa kukazwa kupita kiasi. Bolti iwe ya plastiki na washa zake (vile vipete vya kukazia) ziwe za mpira. Aliyeweka bolti ya chuma amejitengenezea sauti ya kudumu.

Koili kubwa ina pake

Uwanja wa mpira wa zamani usio na takataka, shamba lililolimwa kando ya njia ya misafara, mahali palipokuwa na mnada kabla ya kuhamishwa: hapo inchi 11 inakuokolea muda, na penye udongo wenye chembe chache za sumaku inakwenda kina zaidi. Pia palipomwagwa kifusi. Bustani mpya za mjini mara nyingi husawazishwa kwa udongo ulioletwa na lori, na tabaka la zamani huwa limefunikwa. Kama kifusi kinazidi sentimita 25, hakuna koili ya kawaida itakayokupa heller iliyo chini yake; tafuta kingo za bustani na mashina ya miti mikubwa, ambako udongo wa asili haukuguswa.

Koili kubwa vilevile hudaka zaidi usumbufu wa umeme. Karibu na nyaya za TANESCO, minara ya simu au reli ya SGR inayotumia umeme, inua koili ikae kimya hewani. Ikiendelea kuongea, tatizo si ardhi. Punguza usikivu, badilisha masafa kama mashine inaruhusu, au funga koili ndogo.

Ruhusa

Bustani ya umma ina mwenyewe. Nyerere Square na Chinangali Park ziko chini ya Jiji; pata ruhusa ya maandishi kabla ya kuingia na sepeto. Uwanja wa shule au wa kanisa, zungumza na uongozi wake, na mjulishe mtendaji wa mtaa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia yaliyotengenezwa kabla ya 1863 na inataka leseni kwa anayechimba kuyatafuta. Eneo la michoro ya miambani ya Kondoa, lililo Urithi wa Dunia tangu 2006, si mahali pa kupeleka mashine kabisa. Kongwa, kulikokuwa na kambi za wapigania uhuru, ukifukua kitu kinachofanana na risasi au bomu usikiguse: weka alama, ondoka, toa taarifa polisi.

Kufunga na kutunza

Zungusha waya kwenye mpini ukiwa umekaza kiasi, mizunguko isiyoweza kucheza. Waya unaoning'inia karibu na koili hulia kila unapogeuka. Ukibadilisha koili, sawazisha mashine na ardhi upya: inua koili mpaka sentimita 30, ishushe mpaka sentimita 3, rudia mpaka sauti ya kupanda na kushuka ilingane, na hakikisha hakuna metali mahali hapo. Rudia tena jua likikolea, kwa kuwa koili iliyopata joto hubadilika.

Kifuniko cha chini ni lazima. Udongo wa huku una mchanga mkali. Wale wa mradi wa karanga wa Kongwa mwishoni mwa miaka ya 1940 waliona ukila majembe ya trekta zao. Lakini kifuniko hukusanya vumbi lenye chuma kati yake na koili, na vumbi hilo hulia kila unapopiga. Kivue kila umalizapo kazi, kifute, uoshe koili kwa maji kama ni ya kuzuia maji.

Kwa muda wa kutafuta, mwezi Machi na Aprili, mvua zikiwa zinaelekea kuisha, udongo ni laini na una unyevu, sauti husikika vizuri na nyasi huinuka na mizizi yake. Kata pande tatu, funua kama ukurasa, toa sarafu, rudisha udongo wote, kanyaga na umwagie maji. Kiangazi ardhi inakuwa ngumu kama saruji, na sepeto inayolazimishwa ndiyo inayokwaruza sarafu. Kipindi hicho fanya kazi kwenye nyasi zinazomwagiliwa tu. Anza kipande cha mita 5 kwa 5 na koili ndogo, kwa mipigo inayopandana nusu, kisha ukivuke tena kwa kukata njia ya kwanza. Vizibo vikishapungua, funga ya inchi 11 na upite mara ya tatu.