Kwa mnaoanza taa za jukwaa Mtwara na Lindi: kabla hujakopa hela ya muving hedi, angalia kioo cha mota

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya taa huku kwetu, Mtwara mjini, Lindi, Masasi mpaka Newala, naona wengi mkipewa mchezo wa kuigiza wa kwanza au ngoma ya jukwaani mnawaza muving hedi tu (taa yenye kichwa kinachozunguka chenyewe), mnapiga simu Kariakoo kuulizia bei, alafu mnakata tamaa au mnaingia kwenye mkopo. Subirini kwanza. Kama kikundi kinazo profaili (taa za jukwaa zenye lenzi, zinazotupa duara safi la mwanga) hata mbili zimelala stoo, kuna kifaa cha kioo chenye mota, kinachomekwa mbele ya taa pale pale inapokaa fremu ya jeli, ile karatasi ya plastiki ya rangi, kioo kinageuka kulia na kushoto, juu na chini, taa yenyewe haisogei hata kidogo, kinachohama ni mwanga.

Faida yake kubwa wengi hawaielewi kwasababu wamezoea taa za harusini zinazocheza ukumbi mzima. Kwenye ukumbi mdogo kioo hiki sio cha kuchezesha mwanga, ni cha kupunguza idadi ya taa. Chukua mchezo wenye sehemu sita zinazotaka mwanga wake peke yake, mlangoni, kitandani, kwenye kiti cha mzee, kisimani na kadhalika, kwa kawaida utafunga taa sita, kila moja na waya wake na chaneli (njia) yake ya dima, kile kifaa cha kupandisha na kushusha mwanga. Taa ya wati 575 ukizidisha kwa sita unapata wati 3,450, kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni ampea 15, na plagi ya kawaida ina fyuzi ya 13. Lakini angalia skripti vizuri, hizo sehemu sita haziwaki pamoja, zinawaka kwa zamu! Basi taa moja yenye kioo inazihudumia zote, unabaki na mzigo wa wati 575 tu.

Sasa kwa kuwa ni zamu, kazi yako yote iko kwenye kuhamisha mwanga gizani. Kioo hakina uwezo wa kuzima taa, taa inazimwa na dima na kioo kina chaneli zake zingine kabisa, kwahiyo usiandike kyu (amri ya taa unayoihifadhi) moja inayofanya vyote kwa mpigo maana watu wataona duara la mwanga linakimbia ukutani. Andika kyu tatu: ya kwanza taa inashuka mpaka sifuri, ya pili kioo kinahama, ya tatu taa inapanda. Hiyo ya katikati iweke pale ambapo kuna wimbo au ngoma inapigwa, kwasababu mota zina mlio, na ukumbi wa watu themanini ukiwa kimya mlio huo unasikika mpaka viti vya nyuma.

Pozisheni usizihifadhi jukwaa likiwa tupu. Hili nalisisitiza sana kwa wanaofanya kazi na vikundi vyetu vya asili, mdimu, yule mchezaji wa kinyago wa Kimakonde, kinyago chake anakivaa kichwani kama kofia na anaonea kwenye uwazi wa mdomo wa kinyago, kwahiyo uso ambao watazamaji wanautaka uko juu kuliko uso wa mtu wa kawaida. Ukihifadhi kwa urefu wa mwigizaji mwanga wote utaishia kifuani na sura ya kinyago itakuwa kwenye kivuli. Mwombe mchezaji avae kabisa asimame pale pale atakaposimama, umsogezee mwanga taratibu, alafu ndio uhifadhi. Na mwanga usitoke juu sana, paji la kinyago litaziba macho.

Kwenye kusogeza taratibu ndio utaelewa kwanini watu wanauliza kama kifaa ni cha biti 8 au 16. Kioo kikigeuka nyuzi moja mwanga unaweza kuhama mpaka nyuzi mbili, ndio tabia ya kioo, kwahiyo kakosa kadogo kwenye mota kanaweza kuonekana mara mbili jukwaani. Tuseme mwanga unazunguka nyuzi 180 na chaneli ni moja ya namba 0 mpaka 255, yaani biti 8, kila namba moja ni nyuzi 0.7 hivi, na kwa umbali wa mita 8 hiyo ni karibu sentimita 10. Huwezi kumfuata mtu anayetembea kwa hatua za sentimita 10, mwanga utadundadunda. Cha biti 16 kinatumia chaneli mbili kwa kila upande wa mwendo na kinapata hatua 65,536, hapo unatelezesha bila mtu kugundua. Ukikuta cha biti 8 bei rahisi nunua tu ila kitumie kwa kuhamia gizani.

Lenzi nayo muhimu. Ya nyuzi 19 au 26 (ndio upana wa mwanga unaotoka) inafaa, ukiweka ya 50 mwanga unakuwa mpana kuliko kioo na unaobaki unamwagika pembeni. Shata za kukata mwanga mraba usizitegemee, kioo kikigeuka na umbo linapinda, ulichokinyoosha mlangoni kitakuwa kimelala kitandani. Tumia duara, kwa airisi, kile kifaa cha kubana na kupanua duara la mwanga.

Kuna anayefikiria kubandika kioo cha dukani kwenye vimota vya bei rahisi. Kujifunzia sawa, ila kioo cha nyumbani rangi yake ya fedha iko nyuma ya glasi, kwahiyo unapata miale miwili, mmoja wa fedha na mwingine hafifu wa uso wa glasi, picha ya gobo (kibati kilichokatwa umbo, kinachowekwa ndani ya taa) inakuwa na kivuli chake. Vioo vya kazi hii vimepakwa mbele, na ndio maana havishikwi kwa vidole kabisa. Huku pwani upepo wa bahari una chumvi, kikimaliza kazi kifunike, vumbi lipulize kwanza kabla ya kufuta, ukifuta na vumbi lake umekikwaruza moja kwa moja.

Ukinunua cha mtumba kutoka nje uliza vitu viwili kabla ya bei: kinakuja na pawa saplai yake, na hiyo pawa saplai inakubali volti 230? Vingi vinatumia volti 24 DC kutoka kwenye boksi lake, kwa kebo yenye umeme na data pamoja, na kilichotoka Marekani kinaweza kuwa cha volti 120. Hilo boksi lisichomekwe kwenye dima hata siku moja, litaungua, linataka umeme wa moja kwa moja. Konsoli, ile meza ya kuongozea taa, sio lazima, laptop yenye programu ya QLC+ ambayo ni ya bure na kiunganishi cha USB kwenda DMX (data inayopeleka amri kwenye taa na kioo) vinatosha, ila waya uwe wa DMX kweli sio wa maiki, na mwisho wa mstari weka rezista ya ohm 120.

Kifunge vizuri. Uzito unaongezeka mbele ya taa, inataka kuinama yenyewe, kaza boliti za pembeni na uweke kebo ya usalama kwa taa na nyingine kwa kioo.

Na umeme ukikatika katikati ya onyesho, ukirudi kioo kinajitafuta, kinagonga mwisho huu na mwisho ule ndio kitulie, kama taa inawaka mwanga utapita kwenye macho ya watu wote. Shusha dima hadi sifuri mara tu umeme unapokatika, usingoje urudi. Kama una UPS ndogo iwekee laptop na boksi la kioo tu, hivyo vinakula umeme kidogo, taa iache isubiri jenereta.