Kusifu ustadi kwa Kijapani: matumizi ya "ni kakete wa"

Mwenzetu ameuliza kwa nini mwalimu wake aliikata sentensi "Ryōri ni kakete wa heta desu", ambayo kwayo alikusudia kusema kwamba hajui kupika, ilhali muundo "ni kakete wa" umo katika orodha yake ya sarufi ya N2 (ngazi ya pili kwa ugumu ya mtihani wa kimataifa wa Kijapani) na kila neno amelipanga mahali pake.

Kasoro iko kwenye "heta" (asiye hodari). Muundo huu hautaji mada tu, kama "ni tsuite" (kuhusu) ifanyavyo, bali hutenga eneo moja na kuashiria kwamba anayezungumziwa ni hodari katika eneo hilo, kiasi kwamba Mjapani akishasikia "ni kakete wa" hungoja sifa: "dare ni mo makenai" (hashindwi na yeyote), "jishin ga aru" (anajiamini), au ile ya kimaandishi zaidi, "migi ni deru mono wa inai" (hana mfano wake). "Marason ni kakete wa, Kenia no senshu wa tsuyoi", yaani kwa marathoni wanariadha wa Kenya ni moto, ni sentensi isiyohitaji maelezo huko Japani, ambako Samuel Wanjiru alisoma sekondari kabla ya kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008. Udhaifu una maneno yake: "Ryōri ga heta desu", au "Ryōri wa nigate desu" ukitaka kudokeza pia kwamba jambo lenyewe hulifurahii.

Kwa umbo hakuna ugumu: huja baada ya nomino, na kitenzi huongezewa "koto" ili kiwe kama nomino, kama katika "Hito o warawaseru koto ni kakete wa, kare wa tensai da", yaani kwa kuchekesha watu, yule ni bingwa. Usiuchanganye na "kara … ni kakete" ya kipindi, kama Juni hadi Julai, "roku-gatsu kara shichi-gatsu ni kakete".

Linalohitaji uangalifu zaidi, kwa maoni yangu, ni nani anajisifu. Wajapani niliofanya nao kazi walitumia "jōzu" (hodari) kwa kuwasifu wengine, na hata mgeni aliyetamka salamu moja tu aliipata. Wao wenyewe wakisema "tokui", yaani jambo ninalolimudu na kulipenda. "Ni kakete wa" unaweza kuitumia kwa nafsi yako, lakini ni majigambo ya wazi, kwa hiyo hufaa kwenye usaili wa kazi ("Nebarizuyosa ni kakete wa dare ni mo makemasen", kwa uvumilivu hakuna anishindaye) na pia kwenye utani. Hivyo basi, muulizaji anaweza kumrudishia mwalimu wake hii: "Ryōri wa nigate desu ga, taberu koto ni kakete wa dare ni mo makemasen." Kupika sikuwezi, ila kwa kula hakuna anishindaye.