Kesi za patenti za makampuni makubwa: msiangalie fidia, angalieni zuio

Mleta uzi kauliza inakuwaje Apple na Samsung walikuwa wanaburuzana mahakamani huku Samsung huyohuyo anamtengenezea Apple chipu za iPhone, na mwisho nani alishinda. Mimi siyo mwanasheria, ni mtu wa kuandika programu, ila kampuni moja niliyofanyia kazi iliwahi kuletewa barua ya kudaiwa kwamba imekiuka patenti (haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake) nikapangwa kukaa na mawakili, kwa hiyo nachangia nilichokiona.

Kwanza kichwa cha patenti kisiwatishe. Mawakili walifunua moja kwa moja mwisho wa hati kwenye madai, yaani sentensi zinazosema uvumbuzi unaolindwa ni upi hasa, kesi ipo pale. Unachukua dai moja unalikata vipande, unachora jedwali, kushoto unaweka kipande, kulia unaandika bidhaa yako inafanya nini, kwa kawaida kikikosekana hata kimoja umepona kwenye dai hilo. Ile patenti ya Apple inayoishia na 381 ilikuwa hivi: unavuta orodha kwa kidole mpaka inaisha, panatokea nafasi tupu, ukiachia inarudi yenyewe. Basi!

Apple alifungua kesi California Aprili 2011. Agosti 2012 juri (jopo la raia wanaoamua kesi) ikasema Samsung alipe zaidi ya dola bilioni 1, watu wakashangilia kama mechi imeisha, kumbe bado, jaji akapunguza, 2013 ikaitwa juri nyingine kupiga hesabu upya, 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa patenti ya muonekano (inayolinda umbo la kitu, siyo kinavyofanya kazi) si lazima faida ihesabiwe kwa simu nzima, Mei 2018 juri ikaja na milioni 539, Juni wakamalizana wenyewe. Simu zilizokuwa zinagombewa zilishatoka madukani kitambo. Kwa hiyo mshindi mimi simuoni, labda mawakili.

Kinachouma ni zuio, yaani amri ya kukataza bidhaa isiingizwe nchini au isiuzwe. Desemba 2023 Apple alisimamisha kuuza saa zake za Watch Series 9 na Ultra 2 kwenye maduka yake Marekani kwa sababu ya patenti za Masimo, kampuni ya vifaa vya tiba, za kupima oksijeni ya damu, siku chache baadaye akarudi sokoni baada ya mahakama kusimamisha zuio kwa muda, na Januari 2024 ikabidi auze kipimo chenyewe kikiwa kimezimwa. Hapo ndo mtu anakaa mezani kwa adabu.

Ndo maana wanalimbikiza patenti, Google 2012 alimnunua Motorola Mobility kwa dola bilioni 12.5 na moja ya sababu ilikuwa rundo la patenti kama 17,000 hivi, yaani ukinishtaki na mimi nina yangu ya kukushtakia. Ila ujanja huo haufanyi kazi kwa asiyetengeneza kitu chochote, anamiliki patenti tu na kutuma barua, utamshtaki kwa bidhaa gani? Waliotuandikia sisi walikuwa wa aina hiyo. Kwenye jedwali letu kipande kimoja cha dai kilikuwa hakipo kabisa kwenye programu yetu na wakili alikubali, lakini bosi alipoona gharama za kwenda kulithibitisha hilo mahakamani zinazidi bei ya leseni, yaani ruhusa ya kutumia patenti yao, akalipa leseni.