Mapazia ya sebuleni kwa bei nafuu

Dada, nimekuelewa: dirisha la mita 1.5, nyumba ya kupanga, na mapazia ya dukani yamekushinda bei. Shona mwenyewe, au mpe fundi cherehani wa mtaani.

Upana wa kitambaa ukaribie mara mbili ya dirisha, ndipo mikunjo inapokaa vizuri. Pazia likivutwa likanyooka kama shuka kwenye kamba, hata kitambaa cha ghali kinaonekana duni. Kwa kitambaa chenye upana wa mita 1.5, vipande viwili vinakutosha. Kama ni mita 2.2 kutoka kwenye bomba la kuning'inizia pazia hadi sakafuni, kata kila kimoja mita 2.4, ubaki na upindo wa juu na chini. Jumla nunua mita 5. Pamba ifue kabla ya kukata, maana hurudi.

Bomba liweke sentimita 15 juu ya fremu, lizidi kidogo pande zote. Dirisha litaonekana kubwa. Hilo halina gharama na ndilo linalopendeza zaidi.

Kabla ya kutoboa, mwombe mwenye nyumba ruhusa. Juu ya dirisha kwa kawaida kuna lenta, yaani boriti ya zege, inahitaji drili na fisha (vile vipande vya plastiki vya kushikia skrubu), si misumari. Kama kuna swichi au soketi karibu, muite fundi umeme kwanza akuonyeshe nyaya zinapopita.