Maswali na majibu: Tuzo kwa mtu aliyetazama doa

Barua nyingi za safari hii zimetokana na jambo moja: mtafiti kupewa tuzo kwa kazi ya kugundua saratani ya ngozi mapema. Wapo mliopongeza, wapo mlioshangaa, na wachache mmejivua viatu mkaanza kujikagua nyayo. Naanza na aliyeshangaa.

Shikamoo. Mhadhiri wetu ametunukiwa tuzo kwa utafiti wa kugundua mapema saratani ya ngozi. Wenzangu darasani wanacheka. Wanasema ngozi iko nje, kila mtu anaiona, sasa kuna kipi kilichofichika hapo? – Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Marahaba. Waambie wenzako kuona ni kitu kimoja na kutambua ni kingine. Mwaka 1787 daktari mpasuaji John Hunter, wa London, alimtoa mgonjwa uvimbe nyuma ya taya akauhifadhi. Ulikaa hifadhini, wakubwa kwa wadogo wakiupita, mpaka mwaka 1968 ulipowekwa chini ya hadubini ndipo ikathibitika kuwa ni melanoma, ile saratani inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Miaka 181 ya kuutazama tu.

Halafu kuna suala la kina. Doa ukiliangalia unaona upana wake, lakini hatari yake inashuka chini, mahali ambapo jicho halifiki. Mwaka 1970 Alexander Breslow, mtaalamu wa patholojia (uchunguzi wa magonjwa maabara) wa Marekani, alichukua melanoma 98 zilizokwisha kukatwa, akazipima unene kwa kipimo kidogo kilichomo ndani ya lenzi ya hadubini, kisha akalinganisha na yaliyowapata wenye nazo. Wale ambao uvimbe wao haukufika milimita 0.76 ugonjwa haukuwarudia wala kusambaa ndani ya miaka mitano. Hapakuwa na mtambo wa ajabu. Ilikuwa rula, tena ndogo. Lakini hadi leo jibu la maabara la melanoma likirudi, namba anayoikimbilia daktari ni hiyo, na hatua za ugonjwa hugawanywa kwa milimita 1, 2 na 4. Kabla ya Breslow watu walisema "mapema" kwa kukisia. Baada yake neno hilo likawa na kipimo.

Waliofuata walitafuta namna ya kuona ndani kabla ya kukata. Rona MacKie, daktari wa Glasgow, Uskoti, alionyesha mwaka 1971 kwamba doa likitazamwa kwa kifaa cha kukuza, ngozi ikiwa imepakwa mafuta ili mwanga usirudi machoni, unaonekana mpangilio wa rangi ambao jicho tupu haliuoni. Kifaa hicho, dermatoskopu, siku hizi kinaingia mfukoni. Mama huyohuyo katika miaka ya 1980 aliongoza kampeni ya kuwafundisha wananchi wa magharibi mwa Uskoti kuwahi hospitali. Melanoma nyembamba zikaongezeka miongoni mwa zilizoletwa, nene zikapungua. Wenzako wakimaliza kucheka waulize wao wangeanzia wapi.

Herufi za ABCDE za kukagua madoa zilitoka wapi? Na sisi tusiojua Kiingereza tufanyeje?

Zilitungwa na madaktari wa Chuo Kikuu cha New York mwaka 1985: Robert Friedman, Darrell Rigel na Alfred Kopf. Mwanzo zilikuwa nne, E ikaongezwa mwaka 2004. Walitaka kitu ambacho mtu asiye daktari anaweza kukikumbuka akiwa mbele ya kioo.

Kwa Kiswahili ni umbo, ukingo, rangi, ukubwa na mabadiliko. (Nilijaribu kuunganisha herufi za mwanzo nikapata UURUM, ikasikika kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nikaacha.) Umbo: ukilikunja doa katikati kwa mawazo, je, nusu mbili zinalingana? Ukingo: umenyooka, au una menomeno na mapengo kama ramani ya ufukwe? Rangi: ni moja, au kahawia, nyeusi, nyekundu na buluu zimechanganyika? Ukubwa: limezidi milimita 6, yaani upana wa kifutio kilichoko nyuma ya penseli? Na mabadiliko: mwezi uliopita lilikuwa hivi?

Ukiweza kubaki na moja tu kichwani, baki na mabadiliko. Ongeza na hili: madoa ya mtu mmoja kwa kawaida hufanana kama ndugu. Lile lisilofanana na wenzake ndilo la kumwonyesha daktari, hata kama ni dogo. Na kuna melanoma isiyojali herufi zote hizi, inayotokea kama kinundu cha mviringo, kigumu, kinachopanda juu wiki hadi wiki. Hiyo usiisubiri itimize masharti.

Mimi ni mweusi tii. Saratani ya ngozi si ugonjwa wa Wazungu?

Kuhusu melanoma inayoletwa na jua uko sahihi kwa kiasi kikubwa. Melanini nyingi, yaani ile rangi ya ngozi yetu, ni kinga kweli, na watu weusi huugua melanoma kwa nadra sana. Shida ni kwamba tunapougua, tunagunduliwa tukiwa tumechelewa, kwa sababu mgonjwa na daktari wote wawili wanaamini ulichokiandika hapo juu.

Melanoma ya mtu mweusi hupenda kukaa pasipo na rangi nyingi na pasipotazamwa: nyayo, viganja, chini ya kucha. Hapo jua halihusiki. Bob Marley alikutwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977, sehemu ambayo ilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Ila kama ungeniuliza niogope kipi kwanza kwenye ngozi nyeusi, nisingetaja melanoma. Ningetaja kidonda kisichopona. Saratani ya ngozi inayoongoza kwa watu weusi ni ile inayoanzia kwenye seli bapa za tabaka la juu, na mara nyingi huota juu ya ngozi iliyokwisha umia: kovu la moto la miaka mingi, kidonda ndugu cha mguuni, mahali panapotoa usaha tangu zamani. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vinavyoota kwenye makovu mwaka 1828, na jina lake limebaki kwenye vile vinavyogeuka saratani. Mtu huishi na kidonda miaka kumi, akakizoea, akajua kukifunga bandeji mwenyewe. Siku kinapoanza kuinua kingo, kutoa damu kwa kuguswa tu au kutoa harufu mpya, anabadilisha dawa badala ya kubadilisha fikra. Kidonda chochote kilichogoma kupona kwa wiki kadhaa kinastahili kukatwa kipande kidogo kikapimwe.

Na kwa ndugu zetu wenye ualbino, hesabu yote inageuka. Kinga ya melanini hawana, jua linawaunguza tangu utotoni, na saratani za usoni, masikioni na shingoni huwaanza wakiwa vijana. Kwao kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua na kukaguliwa ngozi mara kwa mara ni matibabu kamili, na vianze mtoto akiwa bado anabebwa.

Nina mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba. Nimesoma mpaka usingizi umeniruka.

Lala kwanza. Kwa watu weusi mistari ya namna hiyo ni ya kawaida mno, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa na imekaa hivyo kwa miaka. Cha kukupeleka kwa daktari ni mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, uliojitokeza ukubwani, unaopanuka au wenye rangi zisizolingana. Na zaidi ya vyote, weusi ukivuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka. Dalili hiyo ya mwisho inaitwa kwa jina la Jonathan Hutchinson, Mwingereza aliyeieleza katika karne ya 19. Ukucha uliogongwa nao huwa mweusi, lakini damu ile husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Mstari wa melanoma hausogei na kuondoka.

Kuna programu za simu zinazodai kutambua saratani kwa picha. Zinaaminika?

Sayansi yake ni ya kweli. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiwemo Andre Esteva na Sebastian Thrun, walifundisha kompyuta kwa picha 129,450, kisha wakaishindanisha na madaktari 21 wa ngozi. Ilitoka nao sare. Magazeti yalishangilia.

Swali ambalo halikuulizwa sana siku ile ni picha hizo zilikuwa za ngozi za nani. Adewole Adamson, daktari wa ngozi nchini Marekani, alionya mwaka 2018 kwamba akili mnemba iliyolelewa kwa picha za ngozi nyeupe itawakosea watu weusi. Mwaka 2022 watafiti wengine, wa Stanford hukohuko, walizijaribu programu kadhaa kwa picha za ngozi za rangi mbalimbali, na kwenye ngozi nyeusi zikayumba. Kwa maoni yangu onyo la Adamson ni mchango wa kugundua mapema sawasawa na hiyo kompyuta, ingawa halikuleta kifaa chochote.

Simu yako itumie kwa kazi inayoijua: piga picha ya doa kila mwezi, mwanga uleule, rula ikiwa pembeni. Ikikwambia "una saratani", nenda kapime. Ikikwambia "huna", usiisikilize.

Kama kuwahi ni kuzuri hivyo, kwa nini kila mtu asikaguliwe mwili mzima kila mwaka?

Ujerumani walijaribu. Katika jimbo la Schleswig-Holstein, mwaka 2003 na 2004, watu zaidi ya 360,000 walikaguliwa ngozi. Vifo vya melanoma vilipungua miaka iliyofuata, na mwaka 2008 mpango ukaenezwa nchi nzima kwa wenye miaka 35 na kuendelea. Kisha vifo katika jimbo lile vikapanda tena hadi vilipokuwa. Jopo la wataalamu wa Marekani wanaoshauri kuhusu uchunguzi wa magonjwa lilirudia mwaka 2023 msimamo wake kwamba ushahidi hautoshi kushauri ukaguzi huo kwa watu wote wasio na dalili.

Ukitafuta sana utapata, na baadhi ya utakavyopata visingemdhuru mtu maisha yake yote. Kwa hiyo nguvu ielekezwe kwa wenye hatari kubwa: wenye ualbino, waliowahi kuugua, wenye ndugu wa damu waliougua, wenye madoa mengi mno, na wenye vidonda sugu.

Tuko kwenye kamati ya chuo, tunataka kumpendekeza mtafiti wetu wa kugundua saratani ya ngozi apate tuzo. Maelezo yake tuyaandikeje? Rasimu yetu inasema "ameokoa maisha ya maelfu".

Futeni sentensi hiyo, isipokuwa kama mmewahesabu.

Naelewa imetokea wapi. Watafiti wa tiba wana mashahidi. James Allison na Tasuku Honjo walipopewa Nobel mwaka 2018 kwa kuufungulia mwili kinga yake dhidi ya saratani, walikuwepo wagonjwa wa melanoma iliyosambaa ambao wangeweza kusimama na kusema "nilikuwa nakufa, niko hapa". Tuzo ile ilikuwa halali yao. Lakini aliyegunduliwa akiwa na uvimbe wa nusu milimita alikatwa, akabandikwa plasta, akarudi kazini kesho yake, na leo hakumbuki hata jina la daktari. Hakuna anayepigwa picha kwa msiba ambao haukutokea. Ndiyo maana wanaoandika sifa za watu hawa hukimbilia maneno makubwa.

Andikeni yaliyo madogo na ya kweli. Kabla yake mambo yalifanywaje, na nani sasa anafanya tofauti kwa sababu yake? Uvimbe unaoletwa kliniki umekuwa mwembamba kwa milimita ngapi? Ni madoa mangapi yasiyo na hatia yalikuwa yakikatwa ili kuipata melanoma moja, na sasa ni mangapi? Njia yake ilijaribiwa kwenye ngozi za rangi zipi? Kama ni nyeupe peke yake, semeni hivyo.

Msiweke "wagonjwa wanaishi muda mrefu zaidi baada ya kugunduliwa" kama ushahidi pekee. Chukueni watu wawili waliokufa wote wakiwa na miaka 60. Mmoja aligunduliwa akiwa na 58, mwingine akiwa na 50. Wa pili atahesabiwa ameishi na saratani miaka kumi, wa kwanza miwili, na kaburini waliingia na umri uleule. Tafuteni kama vifo vimepungua, au angalau kama wanaokuja na ugonjwa uliokwisha sambaa wamepungua.

Na majina. Muuguzi aliyepiga picha, fundi wa maabara aliyekata vipande, wote wawekeni. Wagonjwa waliokubali ngozi zao zitumike washukuruni bila kuwataja.

Bibi yangu anasema doa likiguswa na kisu saratani huamka ikatapakaa. Ana doa unyayoni na hataki kwenda.

Bibi hajasema uongo, amesimulia alichokiona: watu walikwenda saratani ikiwa imeshasambaa, wakakatwa, wakafa, kisu kikabeba lawama. Daktari mpasuaji Mwingereza Samuel Cooper aliandika mwaka 1840 kwamba nafasi pekee ya kupona ugonjwa huu ni kuutoa mapema. Kukata kipande cha kupima hakuisambazi melanoma. Kinachoharibu ni kulichoma doa kwa dawa kali, kulifunga uzi au kulikata nyumbani, maana maabara haibakiwi na kitu cha kupima. Mpeleke wewe mwenyewe, kwa upole, wiki hii. Kikikatwa, hakikisheni kimepelekwa maabara, na majibu yakija ikiwa ni melanoma, ulizeni unene.