Umegugo ukajikuta mwenyewe? Majibu ya wiki hii

Mtwara kuchele! Wiki hii sijui mmepanga, maana watu wanne mmeuliza kitu kimoja kila mtu kwa mlango wake: unatafuta jambo kwenye Google, linalokuja ni la kwako. Twende.

Mi mwalimu, nipo Lindi. Nimetafuta habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, nikakuta kurasa tatu zinasema walianza kuchimba 1919, sawa na notsi zangu za mwaka juzi. Mpaka ule mfano wangu wa urefu wake, "kupita mnazi wa mwalimu mkuu", upo. Si ndo nipo sahihi?

Mwalimu wangu, hapo ndo umenaswa. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 mpaka 1913, na mifupa ilibebwa na watu kwa miguu hadi bandarini hapohapo kwenu Lindi. Sasa 1919 Mjerumani gani alikuwa bado huku? Walishatimuliwa kwenye vita, na Waingereza nao walikuja kuchimba 1924. Kidole chako kiliteleza kwenye sifuri, mtoto mmoja akapiga picha daftari, mwingine akachapa, wa tatu akakopi na kupesti, leo unazikuta unaona watu watatu wanakuunga mkono kumbe ni wewe unajiitikia. Kurasa tatu zenye mnazi mmoja ni shahidi mmoja! Tena ushukuru huo mnazi, usingekuwepo ungejuaje? Tafuta kwa walio na mifupa yenyewe, Museum für Naturkunde kule Berlin, mjusi kasimamishwa pale ana zaidi ya mita 13, kwa hiyo mnazi wa mkuu uache tu, huo hauna kosa. Ila wanafunzi waambie mwaka ulikosea, usione aibu.

Mzee wa Newala hapa. Kijana wangu kauliza simu kuhusu ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, yale majibu ya juu yanayotungwa na mashine yakasema salfa ipulizwe mchana. Kubofya chanzo, ni maandishi yangu mwenyewe! Mi niliandika USIPULIZE mchana.

Shikamoo mzee wangu. Hujakosea, mashine imekula "usi". Salfa ya unga inapulizwa alfajiri umande ukiwepo na upepo haujaamka, unga unashika kwenye majani na maua, ukingoja jua likolee unapulizia shamba la jirani bure. Andika upya bila kukataza, yani "pulizeni alfajiri" basi, hapo hakuna cha kumeza. Na kijana akibisha mpeleke Naliendele kwa watafiti wa korosho.

Nikitafuta ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, natokea mimi wa kwanza. Nimekuwa maarufu?

Dada yangu, pole, simu yako inakujua tu. Mwombe shoga yako wa Masasi atafute kwa simu yake ndo uje na jibu.

Nimepiga picha boma la Mikindani, nimeikuta kwenye tangazo la watu wa utalii, jina langu wamelikata. Nifanyeje? Hata sijaisajili popote.

Kaka, kusajili sio lazima, picha ni yako tangu ulipoipiga, sheria ya hakimiliki ya 1999 iko upande wako. Kwanza itafute kwa Google Lens uone ipo wapi na wapi, piga skrinishoti kila sehemu, na ile picha halisi ya kwenye simu usiifute maana ina tarehe na ukingo waliokata wao hawana. Halafu waandikie kistaarabu, taja bei yako. Wakikaa kimya, COSOTA wapo, wale wa ofisi ya hakimiliki. Boma limesimama tangu 1895, we huwezi kusubiri wiki mbili?

Na wewe unayejibu, ushawahi kujikuta?

Eeh, msimu uliopita. Nilidondoshewa bibo kwenye shati jeupe, nikagugo namna ya kutoa doa, nikakuta jibu limeandikwa kwa kujiamini kweli, "paka limau, anika juani, litatoka lote". Nikapaka, nikaanika siku mbili. Kurudi kuangalia nani kaandika, ni mimi, nilimjibu msomaji hapa bila kujaribu. Shati nimempa fundi baiskeli anafutia mikono.