Mazingira darasani: nianze na Malengo 17 au na gunia la mkaa?

SWALI: Nafundisha Kiswahili kwa wageni chuo kikuu, mwaka wa pili. Idara imetutaka tuingize maendeleo endelevu katika kozi. Nimewasomesha Malengo 17 ya Umoja wa Mataifa, wananakili tu. Mjadala nao unakufa ndani ya dakika tano kwa kuwa wote wanakubaliana. Na sarufi sijui niiweke wapi.
– Mhadhiri, Morogoro

JIBU: Malengo yale yaliyopitishwa mwaka 2015 yameandikwa kwa lugha ya watunga sera: uendelevu, ustahimilivu, ujumuishi. Hakuna hata kimoja ambacho mwanafunzi anaweza kukishika mkononi. Yaweke mwisho wa muhula. Anza na gunia la mkaa.

Kwa kipindi cha dakika 90, tunga matini ya maneno kama 150 inayolifuata gunia moja kutoka tanuri la porini hadi jiko la mama lishe. Maneno mapya yasizidi kumi: tanuri, kibali, ushuru, kopo, chenga, lumbesa na mengine machache. Ukizidisha, kipindi kitageuka cha kufungua kamusi. Lumbesa ipe muda wake: gunia limejazwa hadi likapita mdomo, likafungwa kamba juu. Waulize nani ananufaika ushuru ukitozwa kwa gunia badala ya kwa kilo. Hapo hutalazimika kumchokoza mtu aseme.

Sarufi imo humo humo. Andika ubaoni:

Msitu umeharibika.
Msitu umeharibiwa na wachoma mkaa.

Sentensi ya kwanza imemficha mtenda. Ya pili imemtaja. Wageni wengi huandika “msitu umeharibika na watu”, kosa linalotokana na kudhani -ik-, ambayo ni ya kauli ya kutendeka, ni kauli ya kutendwa. Wape vichwa vya habari sita wavigeuze kutoka kauli moja kwenda nyingine, kisha waseme ni nani aliyefichwa. (Jihadhari na “katika”: kitenzi cha “mti umekatika” na kihusishi cha “katika msitu” huwachanganya, kwa hiyo usiviweke kwenye zoezi moja siku ya kwanza.)

Mjadala hufa kwa sababu “tutunze mazingira” haina mpinzani. Gawa vikundi vya watu wanne: mchoma mkaa, mama lishe, ofisa misitu, muuza gesi. Kila mmoja apate kadi yenye taarifa ambayo wenzake hawana. Ya mama lishe iseme: mkaa nanunua kwa kopo kila asubuhi, ila mtungi wa gesi lazima niujaze kwa mkupuo, na fedha hiyo kwa siku moja sina. Wape dakika 20 waafikiane jambo moja na kuliandika.

Sahihisha kwa alama 20: sarufi na msamiati 12, mshikamano wa hoja 5, matumizi ya taarifa za kadi 3. Msimamo usiwe na alama. Anayeutetea mkaa kwa Kiswahili safi apate haki yake, la sivyo wiki ijayo wote watakuandikia unachotaka kusikia.

Kipindi kinachofuata, chukua mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku 28 Agosti 2017, Tanzania 1 Juni 2019. Inafaa kwa kufundisha wakati uliopita: -li-, -lipo- na “kabla ya”. Ukifika kwenye mvua na ukame, tenga mapema “hali ya hewa”, ambayo ni ya leo na kesho, na “tabianchi”, ambayo hupimwa kwa miongo. Wakishazichanganya kwenye insha moja, utazikuta zimechanganywa hadi kwenye mtihani.